Moduli ya matokeo ya kidijitali

Moduli ya matokeo ya kidijitali ni sehemu ya mfumo wa kudhibiti mitambo ya viwandani. Hupokea amri ya kidhibiti na kuigeuza kuwa umeme wa kuwasha au kuzima vali, kontakta ya pampu, taa ya tahadhari au king'ora. Haina hali ya katikati. Moduli moja kwa kawaida huwa na njia 8, 16 au 32.

Moduli za transista hutumia umeme mnyoofu, aghalabu wa volti 24. Zina kasi, lakini kila njia hubeba mkondo mdogo, mara nyingi nusu ampia. Za rilei hubeba zaidi, ila miguso yake huchakaa. Za triaki ni za umeme wa kubadilika. Koili ya vali inapozimwa hurudisha msukumo mkali wa volti, na pasipo diodi ya kinga transista huungua. Kusahau diodi hiyo ni kosa dogo linaloleta hasara kubwa.

Mfano wa mahali penye kazi ya moduli hizi ni Dubai, inayotegemea bahari kwa maji yake ya kunywa. Mitambo ya Jebel Ali, chini ya DEWA, mamlaka ya umeme na maji iliyoundwa mwaka 1992, huzalisha umeme na kuondoa chumvi majini, kazi inayohitaji pampu na vali nyingi. Adui mkuu wa moduli huko ni joto: kiangazi hupita nyuzi 45, ilhali moduli nyingi zimeundwa kwa joto lisilozidi nyuzi 60, na kabati lililofungwa huongeza joto lake lenyewe. Kiyoyozi cha kabati si anasa.

Kusimamisha mtambo kwa dharura kusiachiwe moduli ya kawaida. Kuna moduli maalumu za usalama kwa kazi hiyo.