Kuzaliwa Upya: Neno Moja Vinywani mwa Walokole, Wakatoliki na Wamormoni

Neno la Kigiriki lililomtatiza Nikodemo usiku ule alipomwendea Yesu ni anothen. Lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo, Farisayo msomi, alilisikia kwa maana ya kwanza, ndiyo maana akauliza habari za kurudi tumboni mwa mama. Yesu akaendelea kumweleza habari za maji na Roho, jambo linaloegemea maana ya pili. Kiswahili hakina neno moja la kuzibeba maana zote mbili, kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ikachagua "kuzaliwa mara ya pili". Biblia Habari Njema ikaja baadaye na "kuzaliwa upya". Ajabu ni kwamba neno hilohilo likitokea tena katika Yohana 3:31, na pale Yesu anapomjibu Pilato, wafasiri wetu wanaandika "kutoka juu". Katika sura ya 19 linaieleza ile kanzu isiyo na mshono, iliyofumwa kuanzia juu.

Mimi naona "mara ya pili" ina upungufu mkubwa kuliko "upya". Inahesabu tu. Inatwambia mtu amezaliwa mara ngapi, haitwambii amezaliwa na nani wala amekuwa nani. Lakini ndiyo iliyoshika mizizi, na sababu yake inafahamika. Katika miaka ya 1930 uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakaitwa Balokole kwa Kiganda, walokole kwa Kiswahili chetu. Swali lao lilikuwa moja: "Umeokoka?" Jibu likaja na kiambishi -me-: "Nimeokoka." Sarufi hiyo imebeba teolojia nzima. Tendo limekwisha kutendeka, matokeo yake yapo hadi sasa, na mwenye kushuhudia anaweza kutaja siku, mahali na wimbo uliokuwa ukiimbwa. Mapokeo haya ya ushuhuda yana historia ndefu. Wamethodisti mpaka leo wanaikumbuka tarehe 24 Mei 1738, siku ambayo John Wesley, akiwa mkutanoni katika mtaa wa Aldersgate, London, alihakikishiwa moyoni kwamba dhambi zake zimeondolewa.

Muulize Mkatoliki swali hilohilo, naye ana haki ya kukuonyesha cheti cha ubatizo. Kanisa lake linafundisha kwamba kuzaliwa upya hutendeka kisimani, hata kwa mtoto wa wiki tatu asiyejua kitu. Walutheri nao wanakubali kwamba Mungu huzaa upya kwa njia ya ubatizo, ingawa wanatilia mkazo imani inayoipokea ahadi. Basi hata kabla hatujafika kwa Wamormoni, istilahi hii ina mgogoro ndani ya nyumba.

Wamormoni, au kwa jina wanalolitaka wenyewe, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, walianza Marekani tarehe 6 Aprili 1830 chini ya Joseph Smith. Mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwaomba watu waache jina la Mormoni na watumie jina kamili la kanisa. Wanajiita Wakristo, na hilo wanalisema kwa moyo wote. Makanisa yanayoshika Imani ya Nisea hayakubali, na hoja yao kubwa ni juu ya Mungu mwenyewe: kwa Watakatifu hawa, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana kwa asili, zenye kusudi moja. Mwandishi mwangalifu aseme hivyo, asiishie kuandika "Wakristo na Wamormoni" kana kwamba kesi imeshaamuliwa.

Kuzaliwa upya wanakuamini sana. Kitabu cha Mormoni kinasimulia habari za Alma Mdogo, mtesi wa kanisa aliyeanguka na kuwa bubu, akazinduka akisema amezaliwa kwa Roho. Mlokole yeyote angeitambua habari hiyo. Lakini ubatizo wa kuzamishwa ni lazima, haufanyiki kabla ya umri wa miaka 8, na ukishafanyika hufuatiwa na kuwekewa mikono ili kupokea kipawa cha Roho Mtakatifu. Mashahidi wawili husimama wakitazama. Sehemu yoyote ya mwili au vazi ikibaki juu ya maji, ubatizo unarudiwa. Na mbatizaji lazima awe na ukuhani unaoaminiwa kuwa ulipotea baada ya mitume na kurejeshwa kwa Joseph Smith. Kwa sababu hiyo Mkatoliki au Mlutheri anayejiunga nao hubatizwa tena. Roma nayo ilitamka tarehe 5 Juni 2001 kwamba ubatizo wao si halali, kwa sababu maneno ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu yanayotamkwa yana maana nyingine.

Tena wao huhimiza -na- kuliko -me-. D. Todd Christofferson, mmoja wa mitume wao, alihubiri juu ya kuzaliwa upya katika mkutano mkuu wa Aprili 2008, akaeleza kwamba kwa watu wengi ni mwendo wa muda mrefu kuliko tukio la siku moja. Anayesema "ninazaliwa upya" kwao hasemi kwa mashaka. Anaeleza maagano anayoendelea kuyatunza.

Lakini tofauti iliyo ndani zaidi haigusi maji wala muda. Inahusu mtu alikuwa nani kabla. Katika mafundisho ya Nisea, mwanadamu ni kiumbe, na huwa mwana wa Mungu kwa neema, kwa kufanywa mwana. Kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, kila mtu alikuwa mtoto wa kiroho wa Baba wa Mbinguni kabla hajazaliwa duniani. Kuzaliwa upya kunamfanya mwana wa Kristo, kwa agano, na kumweka katika njia ya kurudi alikotoka. Hapa ndipo "mara ya pili" inapovunjika kabisa. Ukianza kuhesabu pamoja nao, kuzaliwa kwa maji na Roho si kwa pili.

Kitabu cha Mormoni kimeshatafsiriwa kwa Kiswahili, na hekalu la kanisa hilo Nairobi liliwekwa wakfu mwaka 2025. Maana yake mazungumzo haya tayari yako sebuleni na katika vyumba vya habari, na yanahitaji maneno yaliyopimwa. Ombi langu kwa wafasiri na wahariri ni hili. "Kuzaliwa upya" iwe istilahi ya jumla. "Kuzaliwa mara ya pili" iachwe kwa ushuhuda wa walokole na kwa wanaonukuu Union Version. "Kuzaliwa kutoka juu" itumike panapofafanuliwa Kigiriki cha Yohana. "Wongofu" usichanganywe na lolote kati ya hayo, maana ni kugeuka kwa mtu, na kuzaliwa ni kutendewa. Na kila mara andikeni ni kanisa gani linalosema.