Vijana Waliokabidhiwa Vijana Wenzao

Joseph Cardijn alipokuwa akirudi likizo nyumbani Halle, mji wa Ubelgiji ulio jirani na Brussels, aliwakuta rafiki zake wa shuleni wamemgeukia. Yeye alikuwa seminari ndogo. Wao walikuwa viwandani. Machoni pao, kijana anayesomea upadre alikuwa amehamia kwa matajiri, ingawa baba yake Cardijn alikuwa muuza makaa ya mawe tu. Baba huyo alipokata roho mwaka 1903, mwanawe aliapa kuyatoa maisha yake kwa ajili ya vijana wafanyakazi.

Alipata daraja ya upadre mwaka 1906, na mwaka 1912 akapelekwa parokia ya Laeken, Brussels. Vyama vya vijana vya parokia havikuwa jambo geni. Kulikuwa na michezo, maigizo na bendi, na juu ya yote hayo alikaa padre au bwana fulani mwenye uwezo, akiwaongoza watoto wa maskini kwa huruma. Cardijn aliona kasoro ndani ya huruma hiyo. Mvulana wa miaka kumi na minne anayeingia karakana kwa mara ya kwanza hakutani na padre mle ndani. Anakutana na mnyapara, na vijana waliomtangulia. Kama hao waliomtangulia hawana la kumwambia, Jumapili haiwezi kufidia siku sita.

Kwa hiyo mafunzo yake hayakuanza na katekisimu. Yalianza na maswali. Mnaingia kazini saa ngapi? Mnalipwa nini? Mgeni anapokelewaje siku yake ya kwanza? Kijana alitakiwa kuyachunguza mambo hayo mwenyewe, kuyaleta kwenye kikundi chake, kuyapima kwa Injili, kisha kuamua atafanya nini kabla ya kikao kijacho. Ndiyo njia ya kuona, kuamua na kutenda, ambayo Papa Yohane wa 23 aliitaja katika waraka wake Mater et Magistra mwaka 1961. Wengi wetu tunaikariri bila kugundua ugumu wake. Ugumu hauko kwa kijana; uko kwa padre, anayelazimika kufunga mdomo kijana anapokosea.

Mwaka 1925, pamoja na walei watatu, Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert, Cardijn aliviunganisha vikundi hivyo kuwa chama rasmi cha kitaifa kwa jina la JOC, yaani Vijana Wakristo Wafanyakazi. Baadhi ya wakuu wa Kanisa walisita: je, si kuwagawa waumini kwa matabaka? Cardijn alifunga safari hadi Roma, akamweleza Papa Pius wa 11, akarudi na baraka. Miaka sita baadaye papa huyohuyo aliandika katika waraka wake kwamba mitume wa kwanza wa wafanyakazi ni wafanyakazi wenyewe.

Wanafunzi nao wakaichukua njia hiyo. Tanzania inayajua matawi yote mawili: VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, katika shule. Kwenye shule za sekondari utamkuta mwenyekiti wa kidato cha tatu anaendesha kikao na katibu anaandika muhtasari, mlezi akiwa ameketi nyuma. Pale mlezi anapokaa mbele, chama hugeuka kuwa kwaya, au jeshi la kupanga viti siku za sherehe. Tusifichane: hali hiyo ipo.

Kule Ubelgiji, kazi hiyo ya kuwakabidhi vijana uongozi ilikuja kuwadai waasisi wake gharama kubwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walimtia Cardijn gerezani. Tonnet na Garcet walipelekwa kambi ya Dachau, wakafia huko mwaka 1945. Cardijn aliishi hadi kukiona chama kilichoanzia Laeken kikijaza uwanja wa Mtakatifu Petro mwaka 1957, vijana zaidi ya 30,000.

Papa Paulo wa 6 alimfanya kardinali mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka huohuo alisimama kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutetea uhuru wa dini, na hoja aliyoitoa ilikuwa ya kazi yake: katika miaka yote ya utume wake, aliwaambia maaskofu, hakuwakinga vijana na ulimwengu kwa kuwajengea kuta, bali aliwafundisha kuona, kuamua na kutenda wenyewe.