Atomu ya Mwanzo na Msomaji wa Gishubi: Historia Fupi ya Vitabu vya Ulimwengu na Lugha Zake Nchini Burundi

Makala haya yanachunguza njia ambayo habari za ulimwengu, yaani nyota, asili ya maada na upanukaji wa anga, zimeipitia hadi kumfikia msomaji wa kawaida nchini Burundi. Hoja yetu ni kwamba njia hiyo imeamuliwa na lugha zaidi ya kuamuliwa na ugumu wa sayansi yenyewe. Mfano mkuu unatoka Ubelgiji, nchi iliyoitawala Burundi tangu 1916 hadi 1962, na unamhusu padri.

Milima ya Gitega haikusubiri vitabu ndipo itazame juu. Jina la kifalme la Mwezi, alilokuwa nalo Mwezi Gisabo aliyefariki 1908, lina mzizi mmoja na neno la Kirundi *ukwezi*, linalotaja mwezi wa angani na mwezi wa kalenda pia. Umuganuro, sherehe kuu ya mtama, ulifungamana na mwandamo wa Desemba. Kiswahili nacho kilipoingia kutoka pwani kilikuja na Kilimia, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Wajerumani walikitumia katika utawala wao. Chini ya Wabelgiji kilibanwa: wamisionari wengi Wakatoliki walikitilia shaka kwa kukihusisha na Uislamu na maisha ya mjini.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, alichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels, makala yaliyoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Humo alikadiria kasi ya upanukaji huo kuwa kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megapaseki, yaani kwa kila umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 3.26. Makala hayo hayakuwa siri, ila wanaastronomia wengi wa Uingereza na Marekani hawakuyasoma. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble alichapisha matokeo yake kwa Kiingereza, na kanuni ikaitwa kwa jina lake. Tafsiri ya Kiingereza ya makala ya Lemaître ilitoka London 1931, bila aya yenye kadirio lile. Kwa muda mrefu palikuwa na tetesi za hila, hadi 2011 Mario Livio alipoonyesha, kwa barua ya Lemaître mwenyewe, kwamba mfasiri alikuwa Lemaître na ndiye aliyeiacha aya hiyo, akiiona imepitwa na wakati. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipendekeza jina la kanuni ya Hubble na Lemaître mwaka 2018 tu. Ikiwa Kifaransa, lugha yenye vyuo vikuu na majarida, kiliweza kumficha mwanasayansi kwa kiasi hicho, hali ya msomaji wa Kirundi au Kiswahili haihitaji maelezo marefu.

Mwaka 1946 Lemaître aliwageukia wasomaji wengi zaidi kwa kitabu *L'Hypothèse de l'atome primitif*. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliidhinisha Ruanda-Urundi iwe chini ya udhamini, mdhamini akiwa Ubelgiji. Mrundi ambaye angeweza kukisoma kitabu hicho alihitaji Kifaransa cha juu, nacho kilipatikana hasa seminarini au katika Groupe Scolaire ya Astrida, nchini Rwanda, iliyofunguliwa 1929. Hapa pana jambo la kushangaza. Kanisa Katoliki, lililokuwa na misheni Mugera karibu na Gitega tangu 1899, lilifundisha habari za uumbaji kwa Kirundi, mlima kwa mlima. Habari ya mwanzo wa ulimwengu iliyoandikwa na padri wa Kanisa hilohilo ilibaki katika Kifaransa. (Lemaître mwenyewe, ni haki kusema, hakutaka habari hizo mbili zichanganywe.)

Kiswahili kilipanda angani mapema kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco nje ya pwani ya Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kujengwa mahususi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Istilahi zilifuata: TUKI ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Lakini kamusi si kitabu cha kusoma jioni. Mwanafunzi wa tarafa ya Gishubi leo anasoma Kiswahili kama somo, huku fizikia akiisoma kwa Kifaransa; lugha hizo mbili hazikutani katika daftari moja.

Zinapokutana, istilahi zinahitaji uangalifu. Jina maarufu la nadharia inayotokana na wazo la Lemaître lilitoka redioni: Fred Hoyle, aliyeipinga, alilitamka katika BBC mwaka 1949. Kwa Kiswahili limekuwa Mlipuko Mkuu. Katika nchi iliyoingia vitani 1993, mlipuko ni guruneti: una mahali ulipotokea, na una watu waliosimama mbali nao. Nadharia haisemi hivyo. Anga lenyewe ndilo linalotanuka, wala hakuna aliyesimama nje yake. “Mtanuko wa Mwanzo” lingekuwa karibu zaidi na hoja ya padri, na halimrudishi msomaji kwenye vita.

Tunapendekeza kitabu kifupi cha Kiswahili kwa shule za msingi za Burundi, kinachoanzia kwenye *ukwezi*, neno ambalo mtoto wa Gishubi analijua kabla ya kuanza shule, kikapitia Zuhura na Mirihi, kisha kikafika Louvain, 1927, kikiwa na ile aya iliyoachwa.