Hadithi za picha, redio na video katika nyanda za kati

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, miaka minne kabla ya kufika mwisho wake Kigoma. Kuanzia hapo karibu kila kitu kilichochapwa na kusomwa Ugogo, nchi ya Wagogo inayouzunguka mji huo, kilishuka stesheni pamoja na chumvi, vitambaa na mafuta ya taa. Jarida la serikali la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Lakini hadithi zilikuwepo kabla ya treni. Wagogo walikuwa na ngano zao za fisi na sungura, nyimbo za zeze na ilimba (ala ya vidole), na simulizi za koo na wahamaji. Sehemu ya urithi huo iliingia kitabuni mwaka 1954, pale Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi mzaliwa wa Ugogo, alipochapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Picha, redio na video zilipokuja hazikukuta masikio matupu, na karibu kila mara zilihitaji msimulizi wa kuzipeleka kwa watu.

Mfano wa kwanza mkubwa ulitokea Mvumi, kusini mashariki mwa mji wa Dodoma, katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari Paul White wa Australia (1910–1992) alifanya kazi huko tangu 1938 hadi 1941, akarudi kwao kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Muda huo mfupi ulimpa habari za kuandika maisha yake yote. Kuanzia mwaka 1942 alitoa mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor, akavisimulia redioni Sydney, na vikatafsiriwa katika lugha nyingi. Visa vya wodini, vya mbu, macho na wajawazito waliobebwa usiku kwa machela, vilisomwa na watoto ambao wasingeweza kuionyesha Dodoma kwenye ramani.

Katika miaka ya 1950 White alianza kuandika ngano za wanyama, na hapo ndipo historia ya vitabu vya katuni inapogusa Ugogo moja kwa moja. Mchoraji Graham Wade alizigeuza nyingi kuwa vijitabu vya picha zenye maneno machache. Msimulizi ndani yake ni Daudi, mfanyakazi wa hospitali, anayekaa na wasikilizaji wake na kuwapa kisa cha tumbili, twiga au kiboko, kisha anakifungulia fumbo lake la Kikristo. Katika kisa kimoja kinachojulikana sana, mtoto wa chui analetwa kijijini. Watoto wanacheza naye, wanamlisha uji, na onyo kwamba chui wadogo hukua wakawa chui wakubwa halisikilizwi na mtu. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku anapoonja damu. Wade anamchora chui yuleyule mara kwa mara, kila mara mkubwa kidogo, na mtazamaji asiyejua kusoma anaiona hatari ikikua kabla ya mwenzake anayesoma maneno.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika mfululizo huo. Jina lake liliwafanya wasomaji wa mbali wafikirie msitu mnene unaodondosha maji, ilhali Mvumi ni nchi ya mibuyu, miiba na vumbi, yenye msimu mmoja wa mvua kati ya Desemba na Aprili, na njaa yake ni ya ukame. Jambo lingine halichekeshi. Jina la mtunzi jaladani ni la White, lakini mtindo wenyewe, yaani kufundisha kwa fumbo la mnyama na kuwaachia wasikilizaji walikisie, aliukuta kwa watu aliofanya nao kazi. Wao wamebaki wahusika ndani ya vitabu. Visa pia ni vya zama za ukoloni: mganga wa jadi karibu kila mara ndiye mkorofi, na daktari mgeni ndiye mwokozi. Hata hivyo, aliyepewa kinywa cha kusimulia ni Daudi, na hilo ni nadra katika vitabu vya wamisheni vya wakati ule.

Baada ya Uhuru picha zilianza kuja kutoka upande mwingine. African Film, jarida la hadithi za picha za kamera lililotolewa na kampuni ya Drum, lilimleta Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia, tai ya kipepeo na gari la fahari, aliyewapiga majambazi bila kuharibu suti yake. Wasomaji wa Afrika Mashariki walimwita Spear tu. Huyu ndiye aliyekuwa shujaa wa kwanza wa hadithi za picha kwa vijana wengi wa miaka ya 1960, na alikuwa mweusi nusu karne kabla ya filamu ya Black Panther ya 2018. Aliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo soko lake lilikuwa wanafunzi wa sekondari na makarani, na Dodoma ilikuwa na shule za bweni zenye wasomaji wa aina hiyo: Mazengo, Msalato, Bihawana.

Kwa Kiswahili, gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, mtu wa mitaani aliyecheka na kuchekwa katika zama za Azimio la Arusha. Halafu likaja Sani, jarida lililopata jina lake kwa kuunganisha mwanzo wa majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, aliwapa wasomaji wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Dokta Love Pimbi, na wenzake wakaendelea kuwachora baada yake. Hawa hawakuruka angani. Walikopa, walidanganya, walifumaniwa na walikimbia. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma haukubadilisha jiografia ya uchapaji: wachoraji, mitambo na matangazo ya biashara vilibaki Dar es Salaam, na Dodoma ikaendelea kununua ilichochorewa na wengine.

Redio haikusubiri treni. Kwa nyumba nyingi za Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na Bahi, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa kitabu cha hadithi, na michezo yake iliwafikia hata wasiojua kusoma. Hapa mkoa wa Dodoma una ukurasa wake wa pekee. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa mara mbili kwa wiki saa za jioni, uliotungwa kwa mbinu ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni Mexico. Mbinu hiyo inataka wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayebadilika taratibu mbele ya msikilizaji. Mbaya alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho anakufa kwa UKIMWI. Wa katikati alikuwa mkewe, Tunu, anayechoka kuvumilia, anaondoka na kuanza biashara yake ndogo.

Nchi nzima ilimfuatilia Mkwaju, isipokuwa Dodoma. Watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, walitaka kupima kama mchezo wa redio unaweza kubadilisha tabia za uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na kipimo kilihitaji eneo lisilosikia. Mtambo wa Dodoma ulikuwa na uwezo wa kurusha vipindi vyake wenyewe, kwa hiyo saa ya Twende na Wakati ilipofika, wasikilizaji wake walipewa vipindi vingine. Hali hiyo iliendelea hadi 1995, ndipo Dodoma nayo ikafunguliwa mchezo huo. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha mabadiliko kwanza kwenye maeneo yaliyosikia, na baadaye Dodoma ilipoanza kusikia. Kwa wanasayansi wa mawasiliano ni utafiti wa kupigiwa mfano. Ukitazamwa kutoka barabara ya Singida, una uchungu wake: madereva wa malori wa kweli walilala Dodoma kila usiku, na kisa chao kilikuwa kikisimuliwa kila mahali isipokuwa hapo.

Televisheni za Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, na kwa wengi vijijini skrini ya kwanza ilikuwa ya kibanda umiza: chumba cha mabati au matope, mabenchi, pazia zito mlangoni, jenereta nyuma, na ubao wa chaki uliotaja filamu za siku. Filamu zilikuwa za kung fu, za Kihindi na za makomando wa Marekani, katika lugha ambazo watazamaji wengi hawakuzijua. Aliyelitatua tatizo hilo ni msimulizi. Jina kubwa zaidi ni la Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, wa Dar es Salaam, ambaye kanda zake zilisafiri mikoani. Kazi yake ilikuwa zaidi ya kufasiri. Sauti ya filamu inashushwa, msimulizi anasema kwa niaba ya wahusika wote, anaeleza kwa nini adui ana kisasi, anamtania shujaa, anataja bei ya mkaa, kisha anaacha bunduki zilie zenyewe. Mkondo wa kurudi nao ulikuwepo: baada ya filamu ya Titanic ya 1997, Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa kitabu cha katuni cha Kiswahili.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007 na serikali ikaanza kuhamia kwa kasi baada ya 2016, na wasomaji na watazamaji wa mji wakaongezeka na kuchanganyika. Katuni za Kijapani hutazamwa kwenye simu zikiwa na maandishi ya Kiingereza, na filamu za mashujaa wa Marvel huuzwa kwenye vibanda vya kujaza kadi za simu zikiwa zimeshatafsiriwa na madijei, warithi wa Lufufu. Kisheria warithi hao wako pabaya, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inahitaji ruhusa ya mwenye filamu kabla ya kuitafsiri na kuiuza. Mteja wa Sabasaba au Majengo, mjini Dodoma, anayejaza kadi yake haulizi hilo. Anauliza dijei gani ameitafsiri.