Mafuta chini ya Ziwa Edouard

Mwaka 2010 amri ya Raisi ilipatia SOCO, kampuni ndogo ya London, ruhusa ya kutafuta petroli katika Bloki ya 5. Ile bloki iliingia ndani ya Parki ya Virunga, ikashika mpaka ziwa lenye kulisha wavuvi wa Vitshumbi. 2014, wengi wetu tukiwa tumerudi Rutshuru juzi tu kisha vita ya M23, mashua zilipima udongo chini ya maji. Wavuvi walipiga kelele, dunia nayo; kampuni ikaenda bila kuchimba kisima. Ramani, hapana, yenyewe haikuenda! 2022 Serikali ilitia bloki 27 za petroli kwenye mnada, zingine zikigusa tena Virunga. Mnada ulifutwa Oktoba 2024.