Mpira, Karatasi na Vijiti: Kilichoanguka Roswell

Tarehe 8 Julai 1947, kambi ya jeshi la anga ya Roswell, New Mexico, ilitangaza kwamba imepata kisahani kinachoruka. Siku hiyohiyo, huko Fort Worth, Jenerali Roger Ramey aliwaambia waandishi kuwa ni puto la hali ya hewa tu. Wanaoamini kuwa chombo cha viumbe wa sayari nyingine kilianguka pale husema jeshi halikutoa ukweli wote, na hapo hawajakosea. Ila kuwapo kwa siri hakutuambii siri hiyo ni ya nini. Hilo tuyaulize mabaki yenyewe. Mac Brazel, msimamizi wa ranchi aliyeyaokota, alilieleza gazeti la mjini kwamba aliona vipande vya mpira, karatasi ya kung'aa, karatasi ngumu na vijiti, vyote vikiwa na uzito wa kilo 2 na ushei. Injini hakuiona. Aliona mkanda wa gundi uliochapwa maua.

Maua hayo ni ushahidi mzito kuliko inavyodhaniwa. Wakati huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York walikuwa Alamogordo wakirusha misururu mirefu ya maputo, baadhi yake ikining'iniza viakisi vya rada vya vijiti na karatasi ya kung'aa, vilivyoimarishwa kwa mkanda wa namna hiyo. Mradi uliitwa Mogul, na shabaha yake ilikuwa kupandisha vinasa sauti juu sana angani ili vidake mngurumo wa majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Vifaa vilikuwa vya kawaida. Kilichofichwa ni kazi yake. Ndiyo maana hata maofisa wa Roswell, kambi ya kikosi cha mabomu ya atomiki, wangeweza kutovitambua, hasa katika majuma ambayo magazeti yalijaa visahani tangu rubani Kenneth Arnold asimulie alichokiona angani tarehe 24 Juni.

Wakosoaji wana hoja moja nzuri. Mruko unaotajwa zaidi ni wa tarehe 4 Juni, na shajara ya Albert Crary, aliyeongoza kazi uwanjani, inasema siku hiyo haukufanyika kwa sababu ya mawingu. Lakini ingizo hilohilo linaongeza kuwa kinasa sauti kilipandishwa kwa fungu la maputo. Brazel naye alisema aliyakuta mabaki tarehe 14 Juni, jambo linaloafikiana na mruko huo. Kwa upande mwingine, ushuhuda wa Meja Jesse Marcel wa kambi ya Roswell, kwamba mabaki hayo hayakuwa ya dunia hii, ulitolewa mwaka 1978, zaidi ya miaka 30 baadaye. Ripoti ya jeshi ya 1997, iliyodai kuwa miili ya viumbe inayosimuliwa na wanaoamini ni midoli ya majaribio ya miavuli, ni dhaifu, kwani midoli hiyo iliangushwa miaka ya 1950. Udhaifu huo lakini hauligusi puto: mwaka 1947 Brazel hakulieleza gazeti kuwa ameona mwili wowote.