Tiketi ya Kurudi

Mapema mwaka 1857, karibu na Pangani, Waingereza wawili waliokuwa wakijiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makuu walikutana na askari mmoja wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza hao walikuwa Richard Burton na John Hanning Speke. Speke hakujua Kiswahili, na askari hakujua Kiingereza. Wakaelewana kwa Kihindustani. Speke alikuwa amejifunza lugha hiyo akiwa ofisa wa jeshi India. Askari alikuwa amejifunza huko huko India, akiwa mtumwa.

Askari huyo ndiye Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa na kuvushwa bahari hadi magharibi mwa India. Huko alitumika miaka mingi, mpaka bwana wake alipofariki naye akaachwa huru, ndipo akarudi Zanzibar. Jina tunalomjua nalo ni la ugenini tupu: Sidi ni namna Wahindi walivyomwita Mwafrika, na Bombay ni mji.

Shuleni tulimkuta katika sentensi moja, nyuma ya Speke. Nilianza kumfikiria kama mtu nilipokuwa nikiishi Ahmedabad, jimbo la Gujarat, nikifanya kazi ambayo angeitambua mara moja. Nilikuwa mkalimani wa wagonjwa katika hospitali inayopokea watu wetu wanaokwenda India kutibiwa moyo, figo na saratani. Kutwa nilisimama kati ya daktari na mgonjwa. Mama mmoja wa Tanga aliniambia siku ya kwanza, “Mwanangu, huyo daktari akisema neno baya, usilipake sukari.” Sikulipaka.

Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili, na kila nilipopata siku mbili za mapumziko nilipanda treni. Bajaji za barabarani zilikuwa zile zile za Dar es Salaam, na maneno mengine nayo yalikuwa yale yale: chai, chapati, gari, dunia, kitabu. Nilichokuwa nikitafuta kilikuwa kimoja. Nilitaka kujua nini kiliwapata Waafrika waliofika kule kabla yangu, wakiwa hawana mkataba wala tarehe ya kurudi.

Wa kwanza sikuhitaji hata treni kumfikia. Katikati ya Ahmedabad upo msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyeujenga mwaka 1572 hadi 1573, wakati usultani wa Gujarat ukielekea kuangukia mikononi mwa Akbar. Ukutani mna madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama lesi, na moja linaonyesha mti ambao matawi yake yamesokotana mpaka huoni lipi limeanzia wapi. Mti huo leo ni nembo ya mji. Uko kwenye kadi za salamu na kwenye vikombe vya watalii. Wenzangu kazini walijivunia mti huo, lakini wachache walijua kwamba aliyeujenga msikiti alikuwa Mwafrika.

Kisha nilikwenda Khuldabad, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Aurangabad. Hapo, katika kaburi lenye kuba, amelala Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia yapata mwaka 1548, akauzwa zaidi ya mara moja, akanunuliwa na waziri mkuu wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Bwana huyo alipofariki, Ambar akawa huru. Akaunda jeshi, akaishika serikali ya Ahmadnagar kwa mkono wake, na mwaka 1610 akaanzisha mji wa Khadki, ndio huo uliokuja kuitwa Aurangabad. Akaupatia maji kwa mifereji iliyopita chini ya ardhi. Mfalme Jahangir wa Wamughali alishindwa kumwondoa kwa vita, basi akachorewa picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa juu ya mkuki. Ambar alikufa kwa uzee mwaka 1626, kichwa chake kikiwa mahali pake.

Ni rahisi kulewa na habari za Ambar. Kijana wa Kiafrika anayeitwa majina barabarani akisikia kwamba mtu wa rangi yake alimnyima Jahangir usingizi, mabega yanapanda yenyewe. Yangu yalipanda. Lakini pale kaburini lilinijia swali jingine: mtu huyu aliyeweza kuamuru maelfu ya wapanda farasi, je, aliweza kwenda nyumbani? Nguvu zake zote zilikuwa za kule. Njia iliyomleta ilikuwa ya upande mmoja.

Safari iliyonikaa zaidi ilikuwa ya Jambur. Nilipanda treni ya usiku kuelekea Veraval, kisha basi, kisha bajaji, kandokando ya msitu wa Gir wanakoishi simba wa mwisho wa porini wa Asia. Jambur ni kijiji cha Masidi. Nilishuka nikaona nyuso za Lindi na Mtwara zikizungumza Kigujarati. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa ameketi kibarazani kwa Kihindi changu cha hospitalini. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ningali najua kijiji cha babu yangu. Nilipomwambia ninakijua, na kwamba babu amezikwa huko, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichoweza kununua.

Kiswahili hakikubaki Jambur kama lugha. Kimebaki kwenye ngoma. Wanaiita goma, na huicheza kwa heshima ya mawalii wao, mkubwa wao Bava Gor, ambaye dargah yake iko Ratanpur. Katika ala za Masidi kuna musindo, ngoma ambayo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa jina lake, maana msindo anaujua. Kuna pia malunga, upinde wenye kibuyu. Vizazi na vizazi, sarufi ikafa, methali zikafa, majina ya mito yakafa. Majina ya vitu vinavyolia yakabaki.

Lakini wapo waliorudi, na hao tunawasahau zaidi. Huko Nashik, mwendo wa treni kutoka Mumbai, wamisionari wa Kiingereza walikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisindikiza mwili wa Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874. Wengine walipelekwa Rabai, kisha Freretown, kijiji cha watumwa huru kilichoanzishwa Mombasa katika miaka hiyo hiyo. Kengele iliyowekwa pale ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, ambalo makondakta wa matatu wanalitaja mpaka leo.

Hata hivyo kurudi kwao kulikuwa na mipaka. Mtoto aliyechukuliwa bara akarudishwa Mombasa alikuwa amerudi Afrika, hakuwa amerudi kwao. Pwani walionekana wageni waliovaa na kusali kigeni. Mubarak naye hakurudi Uyaoni akaishi kama Myao. Alirudi Zanzibar, akauza kile India ilichomwachia: lugha, na ujuzi wa kukaa kati ya watu wasioelewana. Aliongozana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron, aliyelivuka bara hadi Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na hatimaye pensheni. Alifariki mwaka 1885. Ni mmoja wa watu waliosafiri zaidi Afrika katika karne yake, na safari yake ya kwanza hakuichagua.

Wiki yangu ya kwanza kazini, ofisa mmoja aliniomba niache pasipoti yangu kwenye kabati la ofisi, “kwa usalama.” Alisema kwa upole, na nadhani hakukusudia ubaya. Nilimpa nakala, nikabaki na pasipoti. Wakati ule nilifanya hivyo kwa sababu shangazi yangu alinikanya hivyo uwanja wa ndege. Baada ya Khuldabad na Jambur nilielewa shangazi alikuwa akilinda nini.

Tumezoea kumtenga mtumwa na mfanyakazi kwa mshahara: huyu analipwa, yule halipwi. Historia ya Masidi inavuruga kipimo hicho. Ambar alitajirika. Watumwa wa kijeshi walipewa ardhi na vyeo. Walichokosa wengi wao ni uwezo wa kusema imetosha, nakwenda nyumbani. Leo vijana wetu wengi wanakwenda Asia, hasa nchi za Ghuba, kwa mfumo wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Wanauliza mshahara ni kiasi gani, chumba kikoje, chakula nani anatoa. Hayo ni maswali ya haki. Ila ningeanza na mengine mawili: pasipoti atashika nani, na tiketi ya kurudi iko kwa nani?

Mubarak alisubiri mtu afe ndipo apate jibu la swali la pili. Ambar naye alipata uhuru kwa kifo cha bwana, na bado hakuiona tena Ethiopia. Mimi jibu langu lilikuwa mkobani, kijitabu chenye ngao ya taifa na picha mbaya, na siku mkataba ulipokwisha nilikitoa nikamwonyesha ofisa wa uhamiaji. Akagonga muhuri bila kuinua macho. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.